Apolo wa Boga: mtu wa wapi?



Kila tunapoandikisha familia zilizorudi, kuna mstari mmoja kwenye fomu unaokula muda kuliko mingine yote: wewe ni mtu wa wapi. Mmoja anataja kijiji alichozaliwa. Mwingine anataja mahali alipozikwa baba yake. Mwingine ananyamaza kwanza, maana amekimbia mara tatu na hajui tunataka kijiji gani kati ya vyote. Safari hii tumefuata historia ya mtu mmoja ambaye mstari ule ungemsumbua sana. Hapa Bunia jina lake linajulikana: Apolo Kivebulaya, yule wanayemwita Apolo wa Boga.

Tuanze na ukoo. Alizaliwa karibu na mwaka 1864 huko Kiwanda, katika Singo, nchi ya Buganda. Baba yake ni Samweli Salongo Kisawuzi, mama yake Tezira Nalongo Singabadda. Waganda wanamwita Salongo baba aliyepata mapacha, na Nalongo mama yao. Mtoto mwenyewe aliitwa Waswa Munubi, na Waswa ni pacha wa kiume aliyetangulia kutoka tumboni. Kwa hiyo hata karatasi zote zingeungua, majina haya matatu yangetosha kuonyesha kwamba ni watu wa nyumba moja. Wale kati yetu waliopoteza karatasi motoni wanaelewa thamani ya jambo hilo.

Majina mengine yalikuja baadaye. Ujana wake aliupitisha katika vita vya Buganda, wakati wafalme, Waislamu na Wakristo walipokuwa wakipigania nchi. Kwa muda yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu, halafu akageukia mafundisho ya wamisionari wa Kianglikana. Alibatizwa mwaka 1895 na kupewa jina Apolo. Kivebulaya lilikuwa jina la utani. Bulaya ndiyo Ulaya, na watu walimwita hivyo kwa ajili ya nguo za kizungu alizopenda kuvaa. Yaani mtu wa Singo, mwenye jina la Biblia na jina la utani la Ulaya, na hakuna hata moja lililokuwa na Boga ndani yake.

Mwaka ule ule alitumwa Toro, na mwishoni mwa 1896 akavuka Semliki kuja Boga, upande wetu huu, kusini mwa Bunia. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wameshindwa, maana walinyimwa chakula mpaka wakaondoka. Apolo alikuja na jembe. Alilima mwenyewe akala jasho lake, na jambo hilo lilimsaidia kukaa. Lakini hakukaa kwa amani. Chifu Tabaro hakupendezwa na mafundisho yake, hasa pale alipowakataza wanaume kuwa na wake wengi. Apolo alipigwa vibaya, nyumba yake ikachomwa moto. Halafu ikatokea msiba. Dada ya chifu, aliyekuwa amebeba majani ya kujengea kanisa, aliangukia mkuki akafa. Apolo akashitakiwa kwa kifo hicho, akafungwa kamba na kupelekwa Toro, akatiwa gerezani.

Kosa halikuwa lake, na mwisho akaachiliwa. Wakati huo alikuwa na sababu zote za kurudi Singo kwa wazazi wake, na hakuna mtu angemlaumu. Yeye alisimulia kwamba gerezani alimwona Kristo akimtia moyo, na alipotoka akarudi Boga, kwa watu wale wale. Tabaro naye baadaye alibatizwa, akaitwa Paulo. Sisi tunaofanya kazi ya kupatanisha majirani tunajua kwamba mambo ya namna hiyo hayaishi kwa siku moja, na kwamba hayaanzi kama mmoja hajakubali kurudi kwanza.

Baada ya hapo aliitwa tena Toro akakaa miaka mingi. Alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Wakati yuko huko, mpaka ukahama. Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi, wakakubaliana mwaka 1910, na Boga ikabaki katika Kongo ya Wabelgiji. Watu wa Boga hawakuhama hata hatua moja, lakini waliamka chini ya bendera nyingine. Karibu na mwaka 1915 Apolo alirudi kwao, safari hii akiwa mtu wa nchi ya nje. Alibaki hapo mpaka kufa.

Kuanzia mwaka 1921 aliingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani wengi waliwadharau. Alikaa nao, akajifunza lugha yao, na Injili ya Marko ikatafsiriwa kwa lugha hiyo. Mwaka 1922 kanisa la Uganda lilimpa heshima ya kuwa kanoni. Katika miaka hiyo yote ya kazi aliishi bila mke, akalea watoto wa wengine.

Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ya kwao ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea mashariki, upande wa Buganda. Yeye aliagiza alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako kazi ilikuwa haijaisha. Kwa agizo hilo alijaza ule mstari wa fomu.

Wakristo wanamkumbuka kila tarehe 30 Mei. Ilikuwa usiku wa tarehe hiyo, kuamkia 31 Mei 2021, Boga na Tchabi ziliposhambuliwa. Watu wengi waliuawa, wakiwemo waliokuwa tayari wamekimbia vijiji vingine, na maelfu wakashika njia. Wengine wamerudi, wengine bado wanapima. Hatumwambii mtu arudi mahali ambapo usalama haujatosha. Apolo alichagua mwenyewe, na kila familia ina haki ya kuchagua yenyewe.

Tunachoomba ni hiki. Mukija kuandikishwa, mutuletee majina yote: ya babu na bibi, ya utani, ya mapacha, ya waliozikwa na mahali walipozikwa. Kama ulizaliwa pengine ukalima hapa miaka ishirini, sema hivyo bila kuogopa, na sisi tutaandika yote mawili. Na ninyi wafadhili mukiona familia moja imetuchukua asubuhi nzima, mujue ni ule mstari tulikuwa tunaujaza.