Copernicus alikuwa mutu wa kabila gani?

Sisi wenye kuchimba shaba, jina hili linatugusa. Mikołaj Kopernik, ule mwenye kufundisha kama dunia ndiyo inazunguka jua, alizaliwa tarehe 19 mwezi wa pili 1473 mu muji wa Toruń, chini ya mfalme wa Polandi. Baba yake, mutu wa Kraków, aliuzishaka shaba.

Wapolandi na Wajerumani wamegombania mutu huyu miaka mingi, na jina ndilo waliloshika kwanza. Basi tulichunguze. Mwisho ule -nik ni wa lugha za Waslavi. Wapolandi wanautumia kwa kutaja mutu na kazi yake, na sisi wachimba madini wanatuita górnik. Lakini shaba kwa Kipolandi ni miedź. Koper kwao ni jani la kunukia, la kutia mu chakula. Kupfer, ile ndiyo shaba, ni Kijerumani. Wenye elimu wanasema jamaa ilitokea ku kijiji cha Koperniki, kule Silesia, na mpaka leo hawapatani kama kijiji kiliitwa vile juu ya shaba ao juu ya jani. Kwa hiyo jina linatuonyesha kijiji cha mababu, basi.

Sisi wa Katanga tunajua uzito wa jambo hili. Mu 1992 na 1993 familia za wafanyakazi wenzetu zilipandishwa treni kwenda Kasai, juu ya asili tu, hata watoto waliozaliwa hapa.

Mama yake, Barbara Watzenrode, alikuwa wa jamaa yenye kusema Kijerumani. Baba alikufa 1483. Mjomba Lucas, mwenye alikuja kuwa askofu, akamulea. Alisoma Kraków, kisha ku Bologna, Italia, akajiandikisha katika kundi la wanafunzi Wajerumani. Lakini wakati mashujaa Wajerumani wa Msalaba walipopigana na mfalme wa Polandi, 1520, yeye ndiye alitayarisha muji wa Olsztyn kujikinga nao, akaomba mfalme ule amutumie msaada. Barua zake zilikuwa za Kilatini na Kijerumani, na jina lake aliliandika mara hivi, mara vile.

Alikufa Frombork, tarehe 24 mwezi wa tano 1543. Kitabu chake kikubwa kilichapwa mwaka ule ule ku Nürnberg. Ku ukurasa wa kwanza, kando ya jina, wameandika tu kama ni mutu wa Toruń.