Sholem Aleichem: Mlezi wa Lugha Iliyobezwa

Mwanafunzi wa Kiswahili ambaye amewahi kuulizwa kwa kebehi kwa nini apoteze miaka minne chuoni akisomea lugha inayozungumzwa na kila mchuuzi sokoni atapata faraja, na pia onyo, katika maisha ya Sholem Aleichem. Mwandishi huyu Myahudi aliitumikia lugha ambayo wasomi wa kwao waliibeza, akaitolea kipaji chake, mali yake na hatimaye afya yake.

Jina lake halisi lilikuwa Sholem Rabinovich. Alizaliwa mwaka wa 1859 mjini Pereyaslav, katika Dola la Urusi, mahali ambapo leo ni nchi ya Ukraine, na akalelewa katika kijiji cha Voronkov. Mamake alifariki kwa kipindupindu Sholem akiwa na umri wa miaka 13. Baba akaoa tena, na mama wa kambo alikuwa bingwa wa kulaani na kutusi. Badala ya kulia, mtoto huyo alizikusanya laana hizo na kuzipanga kwa utaratibu wa alfabeti. Yamkini hiyo ndiyo iliyokuwa kamusi yake ya kwanza, na ni dalili ya mapema ya sikio lililoithamini lugha jinsi inavyotamkwa vinywani mwa watu.

Ni muhimu kuielewa hali ya lugha katika jamii yake. Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikuwa na Kiebrania, lugha ya sala na maandiko matakatifu, iliyoheshimiwa na wanaume wasomi. Palikuwepo Kirusi, lugha ya serikali na ngazi ya kupandia maishani. Kisha palikuwepo Kiyidi, lugha iliyochipuka kutokana na Kijerumani cha kale, ikakopa msamiati wa Kiebrania na wa lugha za Kislavoni, na kuandikwa kwa hati za Kiebrania. Sensa ya mwaka wa 1897 ilionyesha kwamba takriban asilimia 97 ya Wayahudi milioni 5 wa Dola la Urusi waliitaja Kiyidi kuwa lugha yao ya kwanza. Hata hivyo, wasomi wengi walikiona kuwa lahaja mbovu, lugha ya jikoni na ya wanawake wasiojua Kiebrania.

Rabinovich mwenyewe alianza kwa kuandika Kiebrania na Kirusi. Kati ya mwaka wa 1880 na 1883 alikuwa rabi wa serikali mjini Lubny, kazi iliyohusu hasa usajili wa vizazi, ndoa na vifo. Mwaka wa 1883 alichapisha hadithi yake ya kwanza kwa Kiyidi, na punde akajibandika jina la Sholem Aleichem. Msomaji wa Kiswahili halioni jina hili kuwa geni: ni maamkizi ya Kiebrania ya kutakiana amani, ndugu wa damu wa salamu alekumu ya pwani yetu. Kwa kujiita salamu, mwandishi alijiweka mlangoni pa kila nyumba kama jirani aliyepita kujulia watu hali.

Mwaka huohuo alimwoa Olga Loev, binti wa tajiri aliyemwajiri kuwa mwalimu wa nyumbani. Mkwewe alipofariki mwaka wa 1885, Sholem Aleichem akajikuta na utajiri mkubwa mikononi, na sehemu nzuri ya mali hiyo akaitia katika fasihi. Alianzisha mkusanyiko wa kila mwaka ulioitwa Maktaba ya Kiyidi ya Watu, akatoa toleo la kwanza mwaka wa 1888 na la pili mwaka wa 1889. Waandishi aliwalipa malipo mazuri, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa lugha hiyo. Ni katika toleo la kwanza ambapo I. L. Peretz, aliyekuja kuwa nguzo ya fasihi hiyo, alichapisha shairi lake la kwanza kwa Kiyidi.

Fauka ya hayo, Sholem Aleichem alikuwa mhakiki mkali. Mwaka wa 1888 alitunga kijitabu kwa mfano wa kesi mahakamani, akimshtaki Shomer, mtunzi maarufu wa riwaya rahisi za mapenzi, kwa kuharibu ladha ya wasomaji. Aidha, alimpa mwandishi mkongwe Mendele Mocher Sforim cheo cha babu wa fasihi ya Kiyidi, naye akajifanya mjukuu. Fasihi iliyodhaniwa kuwa haina ukoo ikapata ukoo.

Lakini mwaka wa 1890 aliipoteza mali yote katika biashara ya soko la hisa. Mkusanyiko wake ukafa, naye akakimbia wadai wake hadi mama mkwe alipolipa madeni. Kutoka katika maafa hayo alizaliwa Menakhem-Mendl, mhusika anayemwandikia mkewe barua kuhusu utajiri usiofika. Mwaka wa 1894 akaanza hadithi za Tevye, mchuuzi wa maziwa mwenye mabinti wengi na pesa chache, anayejadiliana na Mungu na kuyanukuu maandiko kwa namna yake. Hapo ndipo lugha ya jikoni ilipodhihirisha kwamba inaweza kubeba falsafa, kilio na kicheko kwa pumzi moja.

Mwaka wa 1905 Wayahudi wa Kiev walishambuliwa na makundi ya wenye ghasia, na mwandishi akaihama Urusi na jamaa yake. Alifika New York mwaka wa 1906, lakini tamthilia zake mbili hazikufaulu huko, akarejea Ulaya. Mwaka wa 1908, akiwa katika ziara ya kuwasomea watu hadithi zake mijini, alizirai mjini Baranovichi kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Mashabiki walichanga fedha, na haki za vitabu vyake zikakombolewa kutoka kwa wachapishaji. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, alirudi New York. Mwanawe Misha, aliyekuwa mgonjwa, alibaki Denmark na kufariki mwaka wa 1915.

Baba hakuishi sana baada yake. Aliaga dunia tarehe 13 Mei 1916, akiwa na umri wa miaka 57. Watu zaidi ya 100,000 walijaa barabarani kumsindikiza. Katika wasia wake aliomba azikwe miongoni mwa watu wa kawaida, si matajiri, na kwamba kila mwaka jamaa na marafiki wakutane wasome mojawapo ya hadithi zake za kuchekesha, kwa lugha yoyote wanayoielewa vyema.

Sharti hilo la mwisho lina uchungu wake. Nyumbani kwa bingwa wa Kiyidi, watoto walilelewa kwa Kirusi. Aliyewapa mamilioni fahari ya lugha yao hakuirithisha kikamilifu mezani pake. Haifai kumhukumu upesi. Wangapi kati yetu tunaofundisha na kusomea Kiswahili tunazungumza na wanetu kwa Kiingereza?

Wasemaji wengi wa Kiyidi waliangamizwa na Wanazi katika Vita vya Pili vya Dunia, na leo lugha hiyo huzungumzwa hasa katika jamii za Wayahudi wenye kushika dini sana. Tevye naye alivuka mipaka; mwaka wa 1964 alipanda jukwaani New York katika tamthilia ya nyimbo ya Kiingereza, Fiddler on the Roof. Wanaomjua kwa njia hiyo ni wengi kuliko wanaomsoma kwa Kiyidi. Kitabu kinaweza kuilinda lugha isisahaulike. Kuifanya iendelee kusemwa ni kazi ya nyumba, na kazi hiyo hakuna mwandishi, hata awe stadi kiasi gani, anayeweza kutufanyia.