Louis Lumière na Mashine ya Sinema

Louis Lumière alizaliwa tarehe 5 Oktoba, 1864, katika mji wa Besançon, nchini Ufaransa. Baba yake, Antoine, alikuwa mpiga picha. Baadaye jamaa hiyo ilihamia Lyon, ikaanzisha kiwanda cha sahani za kioo za kupigia picha. Louis alipenda sana sayansi, na tangu ujana wake aliziboresha sahani hizo.

Mwaka 1894 Antoine aliona mjini Paris chombo kipya kilichotoka katika karakana ya Thomas Edison wa Marekani. Ndani yake picha zilionekana zikitembea. Lakini mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuchungulia kwa wakati mmoja. Louis na kaka yake, Auguste, wakatafuta njia ya kuzitoa picha zile sandukuni, ili watu wengi wazitazame pamoja.

Kazi ilikuwa ngumu. Ili jicho lione mwendo, picha nyingi hupitishwa upesi mbele ya taa. Lakini kila picha yapasa isimame kidogo, ndipo ionekane sawasawa. Louis alipata jibu kwa kufikiria cherehani. Je, umepata kumtazama fundi akishona? Cherehani huvuta kitambaa, hukiacha, kisha hukivuta tena. Katika mashine ya Louis, meno madogo yaliingia katika matundu ya ukanda wa filamu, yakauvuta, kisha yakatoka. Tarehe 28 Desemba, 1895, watu wapatao 33 walilipa kiingilio mjini Paris, wakaona sinema yake.

Mwaka 1900 Lumière alipata kazi kubwa zaidi. Katika maonyesho ya kimataifa ya Paris, sinema ilitakiwa ionekane na maelfu ya watu, juu ya kitambaa chenye upana wa meta 21 na kimo cha meta 16. Je, achague mashine gani?

Tufikiri pamoja. Katika ukumbi wa shule mjini Mpanda kimetundikwa kitambaa cheupe chenye upana wa meta 3 na kimo cha meta 2, ili wanafunzi watazame picha za viboko wa Katavi. Eneo lake ni meta za mraba 6. Eneo la kitambaa cha Paris lilikuwa meta za mraba 336, yaani mara 56. Mwanga wa taa ile ile ukitandazwa pale, kila sehemu itapata 1/56 tu ya mwanga wa Mpanda. Picha itafifia.

Basi ilihitajika taa kali. Lakini taa kali hutoa joto, na filamu za siku zile ziliwaka upesi. Mwaka 1897 moto ulioanzia kwenye taa ya mashine ya sinema ulikuwa umeua zaidi ya watu 100 mjini Paris. Lumière alibuni kinga: chupa ya mviringo iliyojaa maji, iliyowekwa mbele ya taa. Chupa ilikusanya mwanga kama lenzi, na maji yakapunguza joto. Chupa ikivunjika, mwanga haukusanyiki tena, na filamu husalimika.

Lumière alikuwa ameandaa pia filamu pana ya milimeta 75, lakini mashine ya kuionyeshea haikuwa tayari kwa wakati. Akatumia filamu ya milimeta 35 aliyokwisha kuizoea. Kitambaa kililoweshwa maji ili mwanga upenye, na watu wa pande zote mbili wakaona.

Louis Lumière alifariki tarehe 6 Juni, 1948. Projekta nyingi za leo hazitumii ukanda wa filamu, lakini kanuni haikubadilika. Anayechagua projekta ya ukumbi mkubwa hupima kwanza eneo la kitambaa, ndipo achague nguvu ya taa.

Maswali
1. Cherehani ilimsaidiaje Lumière?
2. Chupa ya maji ilifanya kazi gani mbili?
3. Kitambaa kina upana wa meta 6 na kimo cha meta 4. Eneo lake ni mara ngapi ya kile cha Mpanda? Taa ile ile ikitumika, mwanga utapungua kiasi gani?