Adrian Atiman: mtoto wa mtoni aliyevushwa Sahara



Sisi wa Katonga na Ujiji ukiamka tu, ziwa hilo hapo mbele yako. Leo hebu tumwangalie mtu aliyezeekea kando ya ziwa hilihili, kule Karema, baada ya kuvuka nchi isiyo na maji.

Adrian Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Jamani, kule mchana mchanga unaunguza nyayo, usiku baridi inaingia mifupani, na toka kisima kimoja hadi kingine ni mwendo wa siku kadhaa. Wanyama wa kule wameumbiwa hali hiyo. Kuna swala mweupe aitwaye adaksi, anayekaa miezi bila kunywa kwa sababu maji anayapata kwenye majani anayokula. Kuna mbweha mdogo, masikio makubwa ya kutolea joto, mchana yumo shimoni, usiku ndiyo anatoka kuwinda. Ngamia mnamjua. Mtoto wa mtoni hana lolote kati ya hayo. Nadhani alipewa maji kwa sababu moja tu: alikuwa na bei.

Huko Algeria Mapadre Weupe walimkomboa. Akabatizwa mwaka 1882, na Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1888 akaanza safari ya kuja huku. Enzi hizo hakuna treni wala basi! Njia ya misafara toka pwani ilipita Ugogo na vichaka vikavu vya Mgunda Mkali, penye sifa mbaya ya kiu, tembo na simba. Na ndiyo njia ileile waliyopitishwa watumwa toka Ujiji kwenda pwani, minyororo shingoni. Yeye, aliyewahi kuuzwa kama wao, alikuja akielekea kule walikotolewa, ili akatibu.

Alifika Karema mwaka 1889. Akamwoa Agnes, na mtoto wao Joseph akawa padre. Miaka 67 Atiman alikuwa daktari na katekista palepale, asubuhi wagonjwa, kisha mafundisho ya dini. Alifariki mwaka 1956, umri wake kama miaka 90. Wenzetu wa Sumbawanga bado wanatibiwa katika hospitali yenye jina lake.