Muybridge, Mtu Aliyesimamisha Farasi Hewani

Ukiitazama ile picha ndefu ya Kibera iliyoko kwenye ubao wa chama chetu, utamwona mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu mara tatu. Kushoto amesimama kando ya reli, katikati ameegemea kibanda cha mboga, na kulia anapunga mkono mbele ya mabati ya Laini Saba. Wengine walidhani ati ana mapacha! La hasha. Mpiga picha alikuwa akizungusha simu polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Kila simu ilipompita, jamaa alikimbia nyuma ya mgongo wa mpiga picha, akatangulia na kusimama tena. Mara ya nne alichelewa, na ndiyo maana ukingoni kuna mguu wa suruali usio na mwenyewe.

Mwalimu mlezi alisema picha hiyo ni ya uongo, haistahili kuingia gazetini. Tulibishana naye, kwa adabu lakini, njia nzima tukirudi Kawangware kwa miguu. Katika kutafuta hoja ndipo nilipokutana na habari za Eadweard Muybridge.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1830 mjini Kingston upon Thames, Uingereza. Jina lake halisi lilikuwa Edward James Muggeridge. Akiwa kijana alihamia Marekani, na huko San Francisco akawa muuzaji wa vitabu. Mwaka 1860 gari la farasi alilopanda lilipata ajali Texas, akaumia vibaya kichwani. Alirudi kwao kujiuguza, na aliporejea San Francisco mwaka 1867 alikuwa tayari mpiga picha, akitumia jina la Helios.

Hakuwa malaika. Mwaka 1874 alimpiga risasi na kumwua mwanamume aliyekuwa na uhusiano na mkewe. Mwaka uliofuata mahakama ikamwachilia. Sisemi alitenda vyema, lakini habari ni habari.

Mwaka 1878 alipanda juu ya nyumba ya tajiri Mark Hopkins, iliyokuwa kwenye kilima, akapiga mji mzima wa San Francisco kwa kuzunguka pande zote. Alitumia vioo 13, ambavyo picha zake zikiunganishwa urefu wake hupita mita 5. Wakati ule kazi haikuwa ya kubonyeza tu. Kila kioo kilipakwa dawa, kikatiwa kamerani kingali kibichi, kikasafishwa papo hapo kabla hakijakauka. Kwa hiyo picha inayoonekana ya dakika moja ilichukua saa kadhaa, na vivuli vya majumba vinaitoboa siri hiyo. Barabara nazo zinaonekana kama mahame, ilhali mji ulikuwa umejaa watu! Kamera ilikuwa nzito wa kuona. Aliyepita mbio hakuacha alama.

Hapo nikamwambia mwalimu: mbona hiyo haiitwi ya uongo? Akanijibu kwamba Muybridge hakuwa akikimbia kuizunguka kamera. Nikanyamaza.

Mwaka uo huo alifanya kinyume chake. Leland Stanford, aliyekuwa gavana wa California, alitaka kujua iwapo farasi akikimbia huinua miguu yote minne kwa pamoja. Katika shamba lake la Palo Alto, Muybridge alipanga kamera 12 kwa mstari na kutandaza nyuzi njiani, kila farasi alipokata uzi kamera ikajifyatua. Kumbe kweli! Farasi huelea hewani, lakini miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, si ikiwa imenyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuichora.

Lakini mwaka 1882 kikatoka kitabu kuhusu farasi huyo, Stanford akiwa mdhamini, na jina la Muybridge halikupewa nafasi yake. Alishtaki, akashindwa. Basi akaenda Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akapiga watu na wanyama wakitembea, wakiruka na kubeba mizigo, na mwaka 1887 akachapisha kurasa 781 za picha hizo.

Huko Ufaransa daktari Étienne-Jules Marey aliona picha za farasi, akatafuta njia yake mwenyewe. Huyo ndiye ndugu wa karibu wa yule rafiki yetu wa Laini Saba, kwani mwaka 1882 alianza kupiga mtu mmoja mara nyingi juu ya kioo kimoja. Marey naye alizaliwa 1830, na wote wawili walikufa Mei 1904, wakipishana siku saba tu.

Muybridge alifia Kingston alikozaliwa. Katika maisha yake alijiita Muggeridge, Muygridge, Helios na Muybridge. Kwenye jiwe la kumbukumbu yake huko Woking, fundi alichonga Maybridge.