Mugumo wa Thika na Swali la Mtoto

Kila safari inaponifikisha mjini Thika, hujitahidi kupata nusu saa ya kuketi katika Bustani ya Mugumo. Juzi niliwakuta hapo watoto wa shule ya msingi waliokuwa wametoka kupanda miche, mikono yao ingali na udongo. Mwalimu alikuwa akiwasimulia habari za mti mkubwa ulioanguka mahali hapo zamani. Mtoto mmoja akauliza ni nani aliyeukata. Wenzake walicheka, nami nikatabasamu. Lakini swali hilo lilinifuata njia nzima hadi Ruiru. Ili kumjibu ipasavyo, msomaji mpenzi, sina budi kusimulia maisha ya Mugo wa Kibiru.

Mugo aliishi kabla ya siku za vyeti vya kuzaliwa, na mengi tunayoyajua kumhusu tumeyapokea vinywani mwa wazee. Masimulizi humweka Kariara, katika eneo la Gatanga, ng'ambo ya Thika. Husemwa kwamba jina lake la awali lilikuwa Chege, na kwamba Mugo kilikuwa cheo chake, yaani mganga na mtambuzi wa mambo yaliyofichika. Wapo wasimuliaji wanaoshikilia kwamba aliokotwa msituni akiwa mtoto mdogo, na kwamba Kibiru, aliyekuwa akikagua mitego yake, ndiye aliyemchukua na kumlea. Ikiwa ndivyo, basi msitu ulikuwa mlezi wake wa kwanza.

Jomo Kenyatta, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1938, alisimulia jinsi Mugo alivyoamka asubuhi moja akitetemeka, mwili umejaa michubuko, na ulimi umemkwama. Wazee walikusanyika wakatoa kafara. Alipoweza kunena, aliwaeleza kwamba Ngai alikuwa amemchukua hadi nchi asiyoijua, akamwonyesha mambo yatakayowafika Wagikuyu. Watakuja wageni wenye ngozi ya rangi ya chura mdogo aliyepauka, mavazi yao kama mabawa ya vipepeo, na mikononi watashika fimbo zitoazo moto. Litakuja pia joka la chuma lenye miguu mingi kama ya jongoo, litakalonyooka kutoka maji makuu ya mashariki hadi maji makuu ya magharibi.

Vijana waliposikia hayo walitaka kushika silaha mara moja. Mugo aliwakataza. Aliwaonya kwamba mikuki na mishale haingefua dafu mbele ya fimbo za moto, akawashauri kuwapokea wageni kwa adabu bila kuwaamini kupita kiasi. Baadaye reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Tawi lake lilifika Thika mwaka 1913, na joka likapiga kelele karibu na mugumo wenyewe.

Naam, mugumo ndio ulioliweka jina la Mugo katika udongo wa Thika. Inasimuliwa kwamba alitabiri kuwa utawala wa wageni utakoma siku mti huo utakapoanguka. Wakoloni, ambao hadharani waliziita habari kama hizo ushirikina, waliuzungushia mti huo pete ya chuma ili usianguke. Chuma hakikufaa kitu. Mwaka 1963 radi iliupasua mti ukaanguka, na tarehe 12 Desemba mwaka huohuo Kenya ikawa huru.

Wengi wetu huishia hapo, tukistaajabia utabiri. Mimi hustaajabia jambo jingine. Serikali nzima ililinda mti mmoja kwa chuma kwa sababu ya hofu. Kabla yake, watu wasio na chuma cha kuuzungushia mti walikuwa wamelinda migumo kwa vizazi vingi. Waliilinda kwa mwiko, na mwiko huo walifundishwa wangali watoto: mugumo haukatwi, wala kuni zake haziokotwi. Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, alifundishwa hivyo na mama yake huko Nyeri. Alipokuwa mtu mzima aliyebobea katika sayansi, aling'amua kwamba mizizi ya mugumo hupenya mwambani na kuyafungulia njia maji yaliyo chini ya ardhi. Mugumo wa utotoni mwake ulipokatwa, kijito kilichokuwa kando yake kilikauka.

Sasa tutazame Ruiru na Thika za leo. Mashamba ya kahawa yanageuka viwanja na nyumba za ghorofa, na mito ya Ruiru, Thika na Chania inabeba taka zetu. Tunapanda miti, hilo silikani. Mnamo tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa siku ya mapumziko kwa ajili ya kazi hiyo. Siku moja nami nilialikwa kupanda miche pamoja na wanafunzi wa shule moja pembezoni mwa Ruiru. Tulipigwa picha, tukapeana mikono, tukaondoka. Niliporudi baada ya kiangazi cha Januari na Februari, nilikuta vijiti vikavu vimesimama mashimoni. Kimojawapo kilikuwa changu.

Waama, tumewafundisha watoto kupanda, hatujawafundisha kulinda. Samaki mkunje angali mbichi. Kila mtoto na apewe mti wake anapoingia shule, aumwagilie wakati wa kiangazi, auzungushie miiba mbuzi wasiufikie, na amalizapo masomo aukabidhi kwa mdogo wake. Kando ya mito tusiwape mikaratusi inywayo maji bila kiasi. Tuwape migumo na mikuyu. Wazazi nao wasiione kazi hiyo kuwa adhabu, wala walimu wasiikumbuke siku ya wageni pekee. Hesabu ya shule isiwe ya miche iliyopandwa, bali ya miti iliyo hai baada ya miaka mitatu.

Mtoto wangu wa Bustani ya Mugumo, mti ule uliouulizia hakuna mtu aliyeukata. Ulipigwa na radi, baada ya kulindwa na wengi kwa muda mrefu. Lakini mche wangu wa Ruiru niliuua mimi mwenyewe kwa kuusahau. Mvua za masika zitakapoanza nitarudi na mche mwingine, na safari hii nitarudi tena Januari nikiwa na ndoo ya maji.