Paul Robeson, Pande la Mtu Lisilopiga Magoti

Nguvu za mwili ni amana. Askari hufundishwa tangu ukuruta kwamba misuli isiyo na nidhamu ni hatari kwake na kwa umma. Leo tunamkumbuka Mmarekani mweusi aliyelithibitisha jambo hilo.

Paul Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1898, mjini Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka angali kijana, hatimaye akawa mchungaji wa kanisa.

Mwaka 1915 Robeson aliingia Chuo cha Rutgers, akaomba nafasi katika timu ya futiboli ya Kimarekani. Katika mchezo huo safu za mbele hukabiliana kifua kwa kifua, mithili ya vikosi viwili. Mazoezini wenzake weupe walimvunja pua, na mmoja akamkanyaga mkono kwa njumu hata kucha zikang'oka. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimnyanyua mpinzani juu kwa hasira. Kocha alipopaza sauti kwamba amechaguliwa, ghadhabu ikamtoka, akamshusha. Mwaka 1917 na 1918 alihesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo vya Marekani nzima.

Akisomea sheria huko Columbia, alicheza safu ya mbele kwa malipo: Akron Pros mwaka 1921, na Milwaukee Badgers mwaka 1922. Alihitimu mwaka 1923, lakini karani mweupe wa ofisi ya mawakili alikataa kuandika maneno yaliyosemwa na mtu mweusi. Robeson akaacha uwakili, akageukia uimbaji na tamthilia.

Katika miaka ya 1930, akiwa London, alijifunza Kiswahili ili aijue asili yake. Sisi wa Nengo, mjini Gisenyi, ambako lugha hii imezoeleka pande zote mbili za mpaka, tunamhesabu kuwa ndugu. Mwaka 1938 alikwenda Hispania kuwaimbia askari wa Jamhuri waliopigana na majeshi ya Franco.

Aliisifu Urusi ya Kisovieti, akaulaani ukoloni na ubaguzi. Kwa hayo alichukiwa. Mwaka 1949, huko Peekskill, watu waliotoka kumsikiliza walipigwa mawe huku baadhi ya polisi wakitazama tu. Mwaka 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti, na milango ya kumbi ikafungwa. Hakuyakana maneno yake. Pasipoti ilirudishwa mwaka 1958, afya yake ikiwa karibu kudhoofika.

Alifariki tarehe 23 Januari, 1976, mjini Philadelphia. Ni mwaka 1995 tu jina lake lilipoingizwa katika jumba la heshima la futiboli ya vyuo.

Ndugu askari, tukumbuke mkono ule uliokanyagwa ukajizuia usilipize. Tukumbuke pia wale wa Peekskill, waliovaa sare na wasitimize wajibu wake.